Sayansi katika shule za msingi si anasa

Katika shule nyingi za msingi kipindi cha sayansi huanzia ubaoni na kuishia daftarini. Mwalimu huandika maana ya usanisinuru, wanafunzi huinakili, huikariri kwa sauti moja, na siku ya mtihani huirudisha kama walivyoipokea. Nje ya dirisha la darasa hilo hilo kuna shamba la shule, na mahindi yake yamegeuka manjano. Hakuna mwanafunzi aliyeulizwa kwa nini. Pengine hata mwalimu mwenyewe hakuona kwamba maneno yaliyo ubaoni na mahindi yaliyo shambani yana uhusiano wowote.

Hilo ndilo jambo linalostahili kuzungumzwa. Hakuna anayekataa umuhimu wa sayansi. Kila hotuba ya maendeleo huitaja. Lakini sayansi inapotajwa, mawazo ya wengi hukimbilia chuo kikuu, maabara yenye vioo na wataalamu waliovaa makoti meupe. Mtoto wa darasa la tatu hatajwi. Yeye huambiwa asubiri: kwanza amalize kusoma na kuhesabu, kisha afaulu, kisha aende sekondari, ndipo sayansi ianze. Mawazo haya ni makosa, na hasara yake si ndogo.

Mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba elimu ya msingi haifai kuwa maandalizi ya kwenda sekondari tu. Hapana budi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, kwa sababu watoto walio wengi wakati ule waliishia hapo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha kazi ya kuwaingiza watoto wote shuleni, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa mwisho wa safari hiyo. Mambo mengi yamebadilika tangu wakati ule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi ilifutwa, na tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne katika shule za umma hutolewa bila ada. Watoto wengi zaidi sasa wanaendelea mbele.

Hata hivyo hoja ya mwaka 1967 haijazeeka. Mtoto anayeishia njiani ataihitaji sayansi shambani, jikoni, kisimani na kando ya kitanda cha mgonjwa. Anayeendelea naye ataikuta sayansi ya sekondari ikifundishwa kwa Kiingereza. Kama hakujenga mazoea ya kuchunguza na kufikiri alipokuwa akifundishwa kwa Kiswahili, atabeba mizigo miwili kwa mpigo: ugumu wa lugha na ugumu wa somo. Kwa hiyo mtoto wa kwanza na mtoto wa pili wote wawili wanadai kitu kimoja kutoka shule ya msingi, nacho ni uwezo wa kuuliza “kwa nini” na kulitafuta jibu kwa macho na mikono yao wenyewe.

FUNZO LA MIHOGO

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kupendeza tu. Basi na utazamwe mfano mmoja ambao matokeo yake yalikuwa ulemavu wa maisha.

Mihogo michungu hupandwa sehemu nyingi za Afrika kwa sababu huvumilia ukame na haishambuliwi sana na wanyama waharibifu. Lakini uchungu wake una sumu. Ndani ya muhogo mna dutu ambayo, mizizi inapopondwa au kulowekwa, huvunjika na kutoa sianidi. Ikipewa muda wa kutosha sumu hiyo huondoka pamoja na maji na hewa, na chakula huwa salama. Wazee waliojua kuloweka mihogo kwa siku kadhaa, kuivundika na kuianika juani, walikuwa na elimu ya kweli, iliyopatikana kwa uchunguzi wa vizazi vingi.

Hatari huja pale kanuni inapobaki na sababu yake inaposahaulika. Mwaka 1981 ukame mkali uliikumba Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Kwa njaa watu walikula mihogo michungu isiyotayarishwa vya kutosha, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza miguu yote miwili ghafla. Mwaka 1985 ugonjwa huo huo ulizuka katika wilaya ya Tarime, hapa Tanzania, wakati wa ukame. Wataalamu huuita konzo, jina lililotoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Huko Bandundu, baada ya barabara nzuri kuvifungulia vijiji soko la Kinshasa, baadhi ya wakulima walipunguza siku za kuloweka mihogo ili waiuze haraka. Hapo hapakuwa na ukame. Palikuwa na haraka tu. Ugonjwa ukafuata. Konzo haina dawa. Mtoto aliyepooza leo atatembea kwa magongo mpaka mwisho wa maisha yake, kama ataweza kutembea.

Swali linalowahusu walimu ni hili: kwa nini watu waliokuwa na kanuni nzuri waliikatisha? Sababu kubwa ilikuwa njaa, na hakuna anayeweza kuwalaumu wenye njaa. Lakini kanuni isiyojulikana sababu yake ndiyo ya kwanza kukatwa shida inapobisha hodi. Anayejua tu kwamba “mihogo hulowekwa siku tatu” huona siku tatu kuwa desturi, na desturi huweza kupunguzwa. Anayejua kwamba katika siku hizo tatu sumu inatoka, huyo hutafuta njia nyingine ya kuitoa kabla ya kumlisha mwanawe.

Njia nyingine imepatikana, tena ni rahisi ajabu. Unga wa muhogo hutiwa maji ukalowana, ukatandazwa juu ya mkeka kwa tabaka jembamba, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki huvunjika na kupotea hewani, kisha unga hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilibuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia na wenzake. Tangu mwaka 2010 akina mama wa vijiji vya Popokabaka, huko Kongo, walifundishwa kuitumia. Na katika kijiji cha kwanza kilichofuatiliwa hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyeonekana katika muda wa mafunzo hayo. Kilichotumika ni maji, mkeka, jua na saa mbili. Somo lote hilo lingeweza kufundishwa darasa la nne, katika vipindi viwili, na mwanafunzi akalipeleka nyumbani jioni ile ile.

KUULIZA SI UJINGA

Mfano wa pili umetoka katika shule za nchi hii, nao unafahamika duniani kote kwa jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Kwa kawaida maziwa yaliachwa yapoe kwanza. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliyaweka yake yangali moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa.

Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa, alirudia swali lile, akajibiwa kwa dhihaka kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza dhihaka hiyo kuwa wimbo. Kila alipokosea hesabu walimwambia kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoizuru shule ile kuzungumza juu ya fizikia. Mpemba alisimama akauliza tena, na darasa likacheka tena. Dakta Osborne hakucheka. Alikiri kwamba jambo lile lilimshangaza, akaahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu. Mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala ya pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na tangu hapo wanasayansi hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Ni vema kusema ukweli wote. Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walieleza kwamba vipimo vyao havikuthibitisha kuwa maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Wengine wanaendelea kulitetea jambo hilo. Lakini ubishi huo hauupunguzii mfano huu thamani; huiongeza. Haumalizwi kwa cheo cha anayesema wala kwa kicheko cha darasa. Unaamuliwa na maji, kipimajoto na saa. Huo ndio msingi wa sayansi yote, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuufahamu.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni kwamba Mpemba alikuwa na ujasiri usio wa kawaida, kwani aliuliza mara tatu mbele ya watu waliomcheka. Watoto wengi huuliza mara moja tu. Hakuna anayeweza kuhesabu maswali yaliyozimwa darasa la pili kwa maneno “kaa chini” au “hilo halimo katika mtihani”. La pili ni jibu la Dakta Osborne. Mtaalamu wa chuo kikuu hakuona aibu kusema hajui. Mwalimu anayesema “sijui, tujaribu” hapotezi heshima yake; anawafundisha wanafunzi njia ambayo elimu yote ilipatikana nayo.

VIFAA VIKO WAPI?

Hapa ndipo husikika malalamiko ya vifaa. Yana ukweli wake, na Serikali haina budi kuendelea kuyashughulikia. Ila ukosefu wa maabara usigeuzwe kuwa ruhusa ya kutofundisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili shule nyingi za Ulaya na Asia zilikuwa magofu. Mwaka 1948 UNESCO ilitoa kijitabu cha J. P. Stephenson kwa ajili ya walimu wa sayansi wa nchi zilizobomolewa, kikionyesha jinsi ya kutengeneza vifaa kwa makopo, chupa na vipande vya mbao. Kijitabu hicho kilikua, na mwaka 1956 kikawa kitabu kikubwa kilichosambaa katika nchi nyingi. Sayansi basi iliweza kufundishwa juu ya vifusi. Chini ya mwembe pia inaweza.

Chukua fimbo iliyonyooka, uisimike wima uwanjani. Kila wiki, saa sita mchana, wanafunzi watie alama mahali kinapoishia kivuli. Katika shule iliyo Dodoma watagundua kwamba mwezi wa Juni kivuli huelekea kusini, na mwezi wa Desemba huelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba kivuli cha mchana karibu kitatoweka, kwa kuwa jua litakuwa utosini. Mwanafunzi wa London hawezi kuliona jambo hilo kwao hata akiishi miaka mia. Mtoto wa Dodoma huletewa bure mara mbili kila mwaka, na bado anafundishwa mzunguko wa dunia kwa mchoro wa kitabuni peke yake.

Chukua makopo mawili, yatiwe udongo na maharage. Moja likae dirishani, jingine ndani ya kabati. Baada ya siku kumi darasa zima litaona miche ya kabatini imerefuka, imepauka na kulegea. Hapo neno usanisinuru litakuwa na maana, na wale watoto watayatazama mahindi ya shamba la shule kwa macho mengine. Watauliza kama yamekosa mwanga, au maji, au mbolea, na watataka kujaribu tuta moja kwa samadi na jingine bila samadi.

Chukua chupa ya maji yenye viluwiluwi kutoka dimbwi la jirani, mdomo wake ufungwe kwa kipande cha chandarua. Wanafunzi wataona kiluwiluwi cha mbu wa malaria kikilala sambamba na uso wa maji, na cha mbu wa aina ya kuleksi kikining’inia kichwa chini. Wataona kwamba vyote hupanda juu kupumua, na watang’amua wenyewe kwa nini tone la mafuta juu ya maji huviua. Ronald Ross aligundua mwaka 1897, nchini India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mtoto aliyekariri sentensi hiyo atafaulu swali moja. Mtoto aliyeona mbu akitoka ndani ya chupa ya darasani atakwenda nyumbani akamwage maji ya kwenye makopo yaliyotupwa nyuma ya nyumba.

HOJA ZA WANAOSITA

Husemwa pia kwamba madarasa yamejaa. Ni kweli, na kumwonyesha kila mmoja wa watoto 90 jambo moja kwa zamu ni kazi nzito. Lakini kazi ya vikundi hupunguza mzigo huo. Watoto kumi wakiwa na kopo moja, makopo tisa yanatosha, na kila mtoto anaweza kuokota kopo. Tena kundi lililoona matokeo tofauti na mengine hulazimika kueleza kwa nini, na hapo majadiliano ya kweli huanza.

Husemwa kwamba kusoma, kuandika na kuhesabu kuje kwanza. Hakuna ugomvi hapo. Ila mtoto hawezi kuandika utupu wala kuhesabu hewa. Anayepima urefu wa mche wake kila siku anahesabu; anayeandika “leo umeota jani la pili” anaandika; na anayemsomea mwenzake maandishi hayo anasoma. Sayansi hainyang’anyi muda wa stadi hizo. Huzipa kazi ya kufanya.

Husemwa, mwishowe, kwamba walimu wenyewe hawakufundishwa hivyo. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Katika juhudi za elimu kwa wote za miaka ya 1970 vijana wengi waliomaliza darasa la saba waliitwa kufundisha, wakajifunza ualimu wakiwa kazini, na Taifa linawadai shukrani kubwa. Lakini mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa. Mnyororo huo wa kukariri hautakatika wenyewe. Hapana budi ukatwe vyuoni, kwa kumtaka kila mwalimu mwanafunzi aote maharage yake, asimike fimbo yake na kushindwa mara mbili tatu, kabla ya kupewa darasa.

NANI AFANYE NINI

Mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza. Hatakiwi kungoja waraka. Katika kila mada moja ya sayansi na awe na jambo moja ambalo wanafunzi watalishika kwa mikono.

Maofisa elimu na wathibiti ubora wa shule wana sehemu kubwa pia. Afikapo shuleni, ofisa huomba azimio la kazi na andalio la somo, na nyaraka hizo zikiwa safi shule husifiwa. Ni haki nyaraka zikaguliwe. Lakini atazame pia dirishani kama kuna kopo lenye mche, na amwite mtoto mmoja amwulize mche ule una siku ngapi na kwa nini umekua hivyo. Jibu la mtoto huyo litasema mengi kuliko faili.

Watungaji wa mitihani wajue kwamba wao ndio wanaoamua, kuliko mtu mwingine yeyote, kipi kifundishwe. Swali likidai maana ya neno, walimu watafundisha maana ya neno. Swali likieleza jaribio na kumtaka mtahiniwa aseme kitakachotokea, na kwa sababu gani, majaribio yatafanyika katika kila kata.

Mabwana shamba na waganga wa zahanati nao wasiione shule ya jirani kuwa eneo la wizara nyingine. Saa moja kwa mwezi ya bwana shamba katika shamba la shule hufika katika mashamba mengi ya wazazi, kwa kuwa watoto ni wajumbe wasiochoka. Na wazazi wasimkemee mtoto anayerudi nyumbani akihoji kwa nini maji ya kunywa hayakuchemshwa. Huyo hakukosa adabu. Anawatakia uhai wa nyumba yake.

Lugha ya kufanyia kazi hii ipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho kinachofundishia shule za msingi za umma, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Mtoto wa nchi hii huingia darasani akiwa na neno “kwa nini” tayari kinywani. Nchi nyingi za Afrika haziwapi watoto wao nafasi hiyo. Itakuwa aibu kama lugha hiyo itatumika kukaririshia tu.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi wa Umma, maadui watatu waliotajwa wakati wa Uhuru walikuwa ujinga, maradhi na umaskini. Yaliyotokea Nampula na Tarime yanaonyesha jinsi watatu hao wanavyoshikana mikono: umaskini ulileta njaa, kutojua sababu kukafungua mlango, na maradhi yakaingia. Mlango huo mmoja unaweza kufungwa na mwalimu wa shule ya msingi. Hahitaji maabara ili aanze. Anahitaji mkeka, kopo, fimbo na subira ya kumsikiliza mtoto aliyenyoosha mkono nyuma ya darasa, amalize swali lake.